Mafuta ya parachichi: Elimu ya maabara inavyoweza kumfaa mkulima wa Kisii na Nyamira

WAKULIMA wengi wa Kisii na Nyamira huuza maparachichi kwa kuhesabu tunda mojamoja, kwa ndoo au kwa gunia. Mnunuzi hutazama ukubwa wa tunda, rangi ya ganda na iwapo lina mikwaruzo, kisha hutaja bei.

Hata hivyo, kinachoamua ladha ya tunda hilo, namna litakavyoiva na faida ambayo kiwanda kitapata kwalo hakionekani kwa macho katika soko la Daraja Mbili wala lile la Keroka. Kitu hicho ni mafuta yaliyomo ndani ya nyama ya tunda.

Kuyapima mafuta hayo, kujua yameundwa na nini na kuyakinga yasiharibike ni kazi ya tawi la sayansi linalochunguza lipidi. Hili ni jina la jumla la mafuta, nta na vitu vingine vya viumbe na mimea ambavyo haviyeyuki katika maji.

Nchini Kenya, somo hili kwa kawaida hufundishwa vyuoni ndani ya idara za kemia na za sayansi ya chakula. Ni somo ambalo wakulima hawalisikii sana, ingawa linagusa mifuko yao moja kwa moja.

Ardhi ndogo, watu wengi

Umuhimu wa suala hili unatokana na hali ya ardhi yenyewe. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka wa 2019, Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 nayo Nyamira watu 605,576. Kaunti hizo ni miongoni mwa maeneo ya mashambani yenye msongamano mkubwa zaidi wa watu nchini.

Mashamba yamegawanywa kutoka kwa baba hadi kwa wana, na kutoka kwa wana hadi kwa wajukuu, mpaka familia nyingi zimebaki na vipande visivyofika ekari moja. Katika vipande hivyo hukuzwa majani chai, ndizi, mahindi, mboga na nyasi za ng'ombe.

Mparachichi hauhitaji shamba zima. Unaweza kusimama ukingoni mwa boma au katikati ya migomba, na mti mmoja uliotunzwa huzaa mamia ya matunda kwa mwaka. Mvua nyingi na udongo wa milimani pia huufaa.

Mkulima mwenye miti 5 au 10 hawezi kuongeza ardhi. Anachoweza kuongeza ni thamani ya kila tunda, na thamani hiyo kwa kiasi kikubwa ni mafuta.

Tunda lisilo la kawaida

Mimea mingi inayotoa mafuta, kama vile alizeti, ufuta na soya, huyahifadhi katika mbegu. Parachichi, sawa na mzeituni na mchikichi, huyahifadhi katika nyama. Kokwa lake kubwa lina mafuta kidogo mno.

Tunda likiwa changa, nyama yake ni maji kwa sehemu kubwa sana. Kadiri linavyokomaa mtini, maji hupungua na mafuta hushika nafasi yake. Katika aina ya Hass iliyokomaa vyema, mafuta huweza kuwa kati ya asilimia 15 na 30 ya uzito wa nyama, kutegemea msimu na mahali.

Jambo jingine ni kwamba parachichi haliivi likiwa mtini. Huanza kulainika baada ya kuchumwa. Kwa hivyo mkulima hawezi kuligusa likiwa juu ya mti na kujua kama limekomaa.

Tunda lililochumwa kabla ya wakati halilainiki sawasawa. Hunyauka, huwa kama mpira na hukosa ladha, kwa sababu mafuta hayakuwa yamejaa. Tunda kama hilo likifika Ulaya au Mashariki ya Kati, hasara haimpati msafirishaji peke yake. Sifa ya maparachichi ya Kenya yote huchafuka.

Ndiyo maana katika miaka ya karibuni Mamlaka ya Kilimo na Chakula imekuwa ikisimamisha kwa muda usafirishaji wa baadhi ya aina za maparachichi kwa njia ya bahari, hasa kuelekea mwisho wa mwaka, ili kuwazuia wanaochuma machanga.

Mafuta yameundwaje?

Msingi wa elimu hii uliwekwa na mwanakemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyezaliwa mwaka wa 1786 na kufariki mwaka wa 1889. Katika kitabu alichochapisha mwaka wa 1823, alieleza kwamba mafuta ya wanyama si kitu kimoja, bali ni muungano wa gliseroli na asidi za aina mbalimbali.

Muungano huo huitwa trigliseridi. Mtu akiweza kufikiria mpini mmoja ulioshika meno matatu, basi mpini ni gliseroli nayo meno ni asidi za mafuta. Tofauti kati ya mafuta ya nazi, ya alizeti na ya parachichi hutokana na aina ya meno hayo.

Katika parachichi, asidi iliyo nyingi zaidi kwa kawaida ni ya oleiki, ile ile inayotawala katika mafuta ya zeituni. Zinazofuata ni asidi za palmitiki na linoleiki. Asidi ya oleiki haigandi upesi na haiharibiki haraka kama asidi nyingine za mafuta ya maji, na hii ndiyo sababu moja ya watengenezaji wa vyakula na vipodozi kuyapenda mafuta ya parachichi.

Mwaka wa 1879, Mjerumani Franz von Soxhlet alieleza chombo cha kioo cha kutolea mafuta kutoka kwa kitu kikavu. Chombo hicho, ambacho bado kina jina lake, hupatikana hadi leo katika maabara za vyuo vya Kenya.

Nao Waingereza Anthony James na Archer Martin walionyesha mwaka wa 1952 jinsi ya kutenganisha asidi za mafuta kwa kutumia kromatografia ya gesi. Tangu hapo imewezekana kujua kwa hakika ni asidi gani zimo katika tone la mafuta, na kwa kiasi gani.

Kazi inavyofanywa maabarani

Mtafiti anayetaka kujua mafuta ya maparachichi ya Gusii huanzia shambani. Hukusanya matunda kutoka miinuko tofauti na katika miezi tofauti, akiandika aina ya mti na tarehe ya kuchuma.

Maabarani, matunda humenywa, nyama hukatwa vipande vyembamba na kukaushwa. Nyama kavu husagwa na kuwekwa katika chombo cha Soxhlet, ambamo kiyeyusho kama heksani huipitia tena na tena kwa saa kadhaa kikisomba mafuta. Kiyeyusho hicho huondolewa kwa joto, na mafuta yanayobaki hupimwa kwa mizani.

Baada ya hapo huja maswali ya ubora. La kwanza ni kiasi cha asidi huru, yaani meno yaliyokwisha kung'oka kwenye mpini. Asidi huru zikiwa nyingi, ni ishara kwamba tunda lilipondeka au liliachwa likaoza kabla ya kukamuliwa, na vimeng'enya vyake vikaanza kuyavunja mafuta.

La pili ni kipimo cha peroksidi, kinachoonyesha jinsi mafuta yalivyoanza kushambuliwa na hewa. Mafuta yaliyoshambuliwa hivyo huchacha na kutoa harufu mbaya.

La tatu ni orodha ya asidi zenyewe kupitia kromatografia. Orodha hiyo ni kama alama ya kidole: huonyesha mafuta ni ya parachichi kweli, au yamechanganywa na ya soya au alizeti.

Vyuo vilivyopo

Kanda hii haina uhaba wa taasisi. Chuo Kikuu cha Kisii kilianza mwaka wa 1965 kikiwa chuo cha walimu wa shule za msingi. Mwaka wa 1994 kikawa bewa la Chuo Kikuu cha Egerton, mwaka wa 2007 kikapandishwa kuwa chuo kikuu kishiriki, na mnamo Februari 2013 kikapewa hati ya kujitegemea. Kina masomo ya kemia na ya kilimo chini ya paa moja.

Mjini Kisii pia kuna kituo cha Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo, KALRO, ambacho zamani kilijulikana kama KARI. Mbali kidogo, Egerton kule Njoro, Chuo Kikuu cha Nairobi katika bewa la Kabete na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kule Juja vina idara za sayansi ya chakula zenye uzoefu wa miaka mingi.

Tatizo ni kwamba utafiti wa mwanafunzi wa shahada ya uzamili aghalabu huishia katika tasnifu iliyoandikwa kwa Kiingereza na kuwekwa maktabani. Mwanafunzi akishafuzu huenda kutafuta ajira, na takwimu alizozikusanya haziendelezwi na mwingine mwaka unaofuata.

Utafiti wa mafuta hauwezi kufaa kwa mtindo huo. Mafuta ya tunda hubadilika kwa mwezi na kwa mwaka, hivyo huhitaji kupimwa mfululizo kwa misimu kadhaa ili jedwali lake liaminike.

Isitoshe, vifaa ni ghali. Mashine ya kromatografia huhitaji gesi safi, vipuri na fundi aliyehitimu. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka wa 2013 iliunda Hazina ya Kitaifa ya Utafiti na kuweka lengo la asilimia 2 ya pato la taifa, kiwango ambacho hakijawahi kufikiwa.

Kinachofanywa kwingineko

Nchi zilizofaulu katika biashara ya mafuta ziliufanya utafiti kuwa kazi ya kudumu. Malaysia iliunda taasisi ya utafiti wa mafuta ya mawese mwaka wa 1979, na mwaka wa 2000 ikaiunganisha na shirika la leseni kuwa Bodi ya Mafuta ya Mawese. Leo hii, Kenya huagiza sehemu kubwa ya mafuta yake ya kupikia kutoka ng'ambo, na mengi ni ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia.

Nchini New Zealand, watafiti, kikiwemo Chuo Kikuu cha Massey, walishirikiana na wenye viwanda kuboresha ukamuaji wa parachichi bila kemikali. Nyama hupondwa, ikakorogwa taratibu kwa joto lisilozidi nyuzi 50 za Selsiasi, kisha ikazungushwa kwa kasi kubwa mpaka mafuta yakajitenga na maji na makapi.

Kampuni ya Olivado, iliyozaliwa kutokana na juhudi hizo, ilikuja baadaye kuanzisha kiwanda katika Kaunti ya Murang'a. Hivyo ujuzi uliobuniwa upande wa pili wa dunia ndio unaokamua matunda ya mkulima wa Kenya.

Nako Marekani, Chuo Kikuu cha California, Davis, kilichapisha mwaka wa 2020 uchunguzi wa sampuli 22 za mafuta ya parachichi yaliyouzwa madukani. Angalau asilimia 82 ya sampuli hizo zilikuwa zimechacha kabla ya tarehe ya mwisho ya matumizi, au zilikuwa zimechanganywa na mafuta mengine. Chupa tatu zilikuwa na mafuta ya soya karibu matupu.

Matokeo hayo yaliwafanya wanunuzi kuanza kudai ushahidi wa maabara. Mwenye mafuta safi asiye na cheti huwekwa katika kapu moja na mdanganyifu.

Hatari ya kutojulikana

Mwaka wa 2024, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, Codex, ilikubali kuyaingiza mafuta ya parachichi katika orodha yake ya mafuta ya mimea yenye viwango maalumu. Viwango hivyo hutaja kila asidi inapaswa kuwa kati ya kiasi gani na gani.

Hatua hiyo ni kinga dhidi ya walaghai. Hata hivyo, ina upande mwingine. Viwango hutungwa kutokana na takwimu zilizowasilishwa, na nchi isiyokuwa na takwimu za maeneo yake yote huwa imewaachia wengine kuamua parachichi halisi ni lipi.

Hili si jambo la kudhania tu. Mafuta halisi ya zeituni kutoka baadhi ya maeneo ya Australia na Argentina yaliwahi kuonekana kukiuka kikomo cha asilimia 4 cha kampesteroli kilichowekwa na Baraza la Kimataifa la Zeituni. Hayakuwa yamechanganywa na chochote. Hali ya hewa na aina ya miti viliyapa maumbile tofauti na yale ya nchi za Mediterania.

Watafiti wa parachichi nao wamebaini kwamba matunda ya sehemu za baridi huelekea kuwa na asidi ya oleiki kwa wingi zaidi, huku yale ya sehemu za joto yakizidi kwa asidi ya palmitiki. Nyanda za Gusii huanzia takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 2,000 upande wa Borabu. Kwa hivyo haifai kuchukua takwimu za California, wala hata za Murang'a, na kuzibandika kwa Nyansiongo au Suneka.

Kipimo kilicho karibu na mkulima

Si kila manufaa ya sayansi hii yanahitaji mashine ya mamilioni. California iliwahi kuweka sheria mwaka wa 1925 kwamba parachichi la kuuzwa liwe na angalau asilimia 8 ya mafuta. Kupima mafuta kila mara kulikuwa kazi ndefu, na watafiti wakagundua njia ya mkato.

Kwa kuwa maji hupungua kadiri mafuta yanavyoongezeka, mtu akijua uzito wa nyama iliyokaushwa anaweza kukadiria mafuta. Kipimo hiki huitwa kiasi cha ukavu, na mapema katika miaka ya 1980 California ilikifanya kuwa msingi wa kuruhusu uchumaji.

Nchini Kenya, kiwango ambacho mamlaka zimekuwa zikikitaja kwa maparachichi ya Hass ya kuuzwa nje ni asilimia 24.

Kinachohitajika ni mizani ndogo ya kidijitali, kisu na tanuri ya mikrowevu ya nyumbani. Matunda kadhaa huchumwa kutoka pande tofauti za mti, yakamenywa na nyama yake ikakatwa vipande vyembamba. Vipande hupimwa, vikakaushwa kwa moto mdogo bila kuungua, vikapimwa tena mpaka uzito usipungue zaidi.

Kwa mfano, ikiwa gramu 50 za nyama mbichi zimebakia gramu 12, kiasi cha ukavu ni asilimia 24. Zikibaki gramu 9, ni asilimia 18, na tunda hilo linafaa kuachwa mtini.

Chama cha ushirika chenye vifaa hivyo kinaweza kuwapimia wanachama wote wa kata nzima. Dalali akija na kusema matunda ni machanga, au akitaka kuyachuma yakiwa machanga, mkulima huwa na nambari ya kumjibia.

Hesabu kama hiyo humsaidia pia anayefikiria kukamua. Kati ya kilo 100 za matunda, nyama huweza kuwa kilo 65. Ikiwa nyama hiyo ina mafuta asilimia 18, mna karibu kilo 12 za mafuta, na mashine nzuri ikipata robo tatu au zaidi ya kiasi hicho, mkamuaji hubaki na takriban kilo 9. Matunda yakiwa na asilimia 9 tu, kazi ile ile na umeme ule ule huzalisha nusu ya mafuta hayo.

Baada ya kukamua, elimu ile ile hueleza namna ya kuhifadhi. Mafuta ya parachichi ambayo hayajasafishwa ni ya kijani kwa sababu ya umbijani. Umbijani huo ukipigwa na mwanga huchochea mafuta kuchacha. Hivyo yanafaa kuwekwa katika chupa nyeusi iliyojaa hadi juu, mahali pa baridi, wala si katika chupa angavu kwenye rafu inayopigwa na jua.

Daftari la Gusii

Kilimo ni jukumu la serikali za kaunti tangu ugatuzi ulipoanza mwaka wa 2013, ilhali vyuo vikuu viko chini ya serikali kuu. Mkulima amebaki katikati: maafisa wa kilimo wanamfikia bila takwimu, nazo takwimu zikipatikana hukaa vyuoni.

Daraja kati ya pande hizo halihitaji jengo jipya. Linahitaji makubaliano kwamba kila msimu matunda ya maeneo yale yale yatachumwa, yapimwe ukavu na mafuta, na matokeo yatangazwe kwa lugha ambayo mkulima anaielewa, kabla ya wanunuzi kuingia vijijini.

Baada ya misimu 4 au 5, Kisii na Nyamira zingekuwa na jedwali lao: kila aina ya mparachichi hukomaa mwezi gani katika kila mwinuko, ina mafuta kiasi gani na ya asidi zipi. Jedwali hilo ndilo ambalo mwenye kiwanda angeliomba kabla ya kuwekeza, na ndilo ambalo Kenya ingelipeleka katika vikao vya Codex.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa sasa, maelfu ya maparachichi huondoka Gusii kwa magunia kila msimu bila mtu kuandika mafuta kiasi gani yameondoka pamoja nayo.